Wazee wa Masharubu Ndani ya Kihenge

Juzi mvua ya kwanza ilipoupiga uwanda, upepo ulileta harufu ya udongo wa chumvi uliolowa, nami nikajikuta nimesimama mlangoni na fimbo mkononi. Mjukuu wangu akaniuliza, “Bibi, unakwenda wapi?” Sikuwa na pa kwenda. Miguu ndiyo iliyokumbuka. Ninyi mliokua upande wa Bahi mnaijua harufu ile, kama yai lililopasukia kwenye jivu la moto. Waliokulia chumvi ya pakiti wataniona nimechanganyikiwa. Basi na wanione. Mwaka ninaoukumbuka mimi hatukukaa kitako hata siku moja. Mama hakukaa. Mimi sikukaa. Hata baba, mtu wa kupenda kivuli, alikuwa anaketi nusu, matako hayajafika chini.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Reli ilikuwa imefika Dodoma, sasa inasogea kuelekea machweo, na kambi ya wafanyakazi ikisogea nayo. Kila nyumba ilitakiwa kodi ya rupia tatu. Asiye nazo alichukuliwa kwenda kubeba mataruma, vile vyuma vizito vinavyolala chini ya reli. Kaka yake baba alikwenda na miguu miwili, akarudi na mmoja na gongo. Na baba yangu alikuwa na kifua kibaya. Akitoka kisimani na maji tu utamsikia anakoroma kama ng’ombe mwenye homa. Nyumbani kwetu hakuna aliyelisema neno hili kwa sauti, lakini sote tulilijua, hata mimi niliyekuwa sina meno ya mbele: baba akiyabeba mataruma hatarudi.

Rupia kwetu ilitoka kwenye samli. Mama alikuwa akikijaza kibuyu, tunakwenda asubuhi kwenye duka la Bwana Idi, Mrangi wa Kondoa aliyekuja na reli na kuweka meza yake karibu na stesheni. Bwana Idi anapima samli, anaweka rupia mezani, na kabla rupia haijapoa mama ameshairudisha kwake: chumvi, kaniki, shanga kidogo, na sukari guru ya kunifunga mdomo mimi. Tunatoka na kapu limejaa na mkono mtupu. Siku moja tulipokuwa njiani kurudi mama akasimama katikati ya njia, akaangalia ndani ya kapu kama mtu aliyeona nyoka.

“Tumepeleka samli ya ng’ombe watatu,” akasema, “tumerudi na vitu vya kulamba. Kuanzia leo yule Mrangi atanunua kwangu. Mimi sinunui kwake.”

Nilidhani ni hasira ya jua. Haikuwa.

Sukari guru ikaisha, nikapewa ubuyu ninyonye. Kaniki yangu ilipochanika haikununuliwa nyingine, nikavalishwa ngozi ya mbuzi kama watoto wa zamani, na wasichana wa kaya ya jirani wakaniona kitu cha kuchezea. “Hee, mbuzi kaja! Mpeni majani!” Mlenda mama aliukausha juu ya paa la tembe mpaka paa lote likawa kijani kisha likawa jeusi. Hakuna kilichotoka dukani. Hata sindano aliazima.

Lakini iliyonichosha ni chumvi. Kabla ya jua kuchomoza tulikuwa tayari kwenye uwanda, maana ule unga mweupe unaotoka ardhini ukichelewa upepo unakuja kuuchukua. Unakwangua kwa kipande cha kibuyu, taratibu, ukizamisha kidogo tu umechota matope. Mgongo unakatika. Unarudi na kapu la udongo kichwani, vumbi linakuingia machoni, macho yanawaka. Nyumbani mama anatandika nyasi ndani ya kitunga, anaweka udongo, anamwagia maji, na chini kwenye chungu yanadondoka maji ya rangi ya mkojo. Hayo ndiyo yanachemshwa kutwa. Kapu zima linakupa chumvi ya viganja viwili, ya kijivu, chungu kwenye ncha ya ulimi.

“Mke wangu,” baba akasema siku ya kwanza alipoionja, “chumvi yako hii ina hasira.”

“Kula. Hasira haitozwi kodi.”

Baba akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mama akampelekea maji. Nakumbuka mama alivyomtazama mgongo wakati anakunywa.

Sasa, rupia iliyookolewa inawekwa wapi? Mama aliziweka ndani ya kihenge cha uwele, chini kabisa. Wenzangu mnajua kwa nini. Kwetu mwanamume haingizi mkono kwenye kihenge cha mkewe. Afe njaa, atangoja nje apimiwe. Hata askari wa jumbe, na kofia yake nyekundu, hakuthubutu, kwa sababu naye alikuwa na mama. Anayeingia kihengeni ni mtoto, kwa kuwa ni mdogo. Mama alinibeba kiunoni, akanishusha ndani kwa miguu, nami nikachota uwele kwa kibuyu na kumpitishia juu.

Humo ndimo nilimokutana naye. Siku hiyo kibuyu kiligonga kitu kigumu, cha duara, baridi. Nikakipapasa, nikakileta kwenye mwanga. Mzee. Kichwa tu, hana mwili, masharubu yamesimama kama pembe za fahali, na juu ya kofia yake amesimama ndege. Nikamrudisha upesi. Sikumuuliza mama, na mama hakunieleza kitu, maana kwetu mtoto haelezwi mambo ya kihenge, anachota tu.

Nilianza kumvizia. Wakati ule uwele ulikuwa unanifika shingoni. Baada ya muda ukanifika kifuani. Kisha wazee wakawa wawili, na uwele ukashuka mpaka kiunoni. Nikatazama punje: zimetobolewa, matundu madogo, ndani hakuna kitu, ukizibana zinabaki unga. Na mama naye akaanza kutupikia mara moja tu kwa siku. Mtoto mwenye akili atafikiri nini? Nani anaishi humo ndani na chakula, usiku na mchana? Mdomo anao, umefunikwa na masharubu. Nilijaribu kupatana nao. Niliiba bonge la ugali, nikaliweka mbele yao, nikawaambia kwa adabu, “Kuleni hili, wazee, mtuachie uwele.” Kesho yake bonge halipo. Ni siafu, leo najua. Wakati ule kwangu huo ulikuwa ushahidi.

Na nilimsikia mama akimwambia baba, “Bado moja.” Mimi nikasikia mmoja! Wawili wametufikisha kiunoni. Akija wa tatu tutalala na njaa. Nikakosa usingizi na mchana nikawa nazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga.

Mama alipokwenda peke yake uwandani na baba malishoni, nilipanda juu ya kinu, nikajitumbukiza kihengeni, nikawatoa wazee wote wawili. Niliwafunga kwenye jani wasione njia. Nikatoka mbio mpaka dukani kwa Bwana Idi, kwa maana huko ndiko walikotoka, nilishawaona wenzao mezani pake, na duka lile lilikuwa na magunia ya kuwatosha.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti wa ngozi! Mama yuko wapi? Leo hakuna samli?”

Nikaweka jani mezani, nikasogea nyuma. “Nimewarudisha.”

Akafungua jani. Mwanamke aliyekuwa anapimiwa karanga akanyoosha shingo.

“Mama yako ndiye aliyekutuma?” Bwana Idi akauliza, sasa hacheki.

Hapo ndipo nilipodanganya. Niliona kwamba nikisema hapana atanirudishia, nao watarudi kihengeni wakiwa wamekasirika. Nikasema, “Ndiyo.”

“Amekutuma nini?”

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Ulimi ukasema ulichokuwa unakitamani siku zote. “Chumvi. Nyeupe.”

“Chumvi ya rupia mbili? Anataka kuwalambisha ng’ombe wote wa Ugogo?” Wakacheka yeye na mwanamke wa karanga. Lakini pesa ilikuwa mezani, na mama alikuwa mtu wa kuheshimiwa pale. Akanifungia fuko la rupia moja, zito, shingo yangu ikazama mabegani. “Hili ndilo unaloweza. La pili mama aje alichukue. Na hii ni yako.” Akanipa kipande cha sukari guru.

Nilitembea kama mshindi. Wazee nimewaacha kwao, chumvi nyeupe kichwani, utamu mdomoni. Mbele kidogo nikakutana na Mama Ndahani, jirani yetu, mwanamke wa kelele na moyo mweupe.

“Mbukwenyi,” nikamwamkia.

“Mbukwa, mwanangu. Umebeba nini mpaka macho yamekutoka?”

“Chumvi, mama.”

“Ya dukani? Maskini mimi, wiki mbili nakula mboga kama ng’ombe. Hebu nionjeshe.”

Kwetu chumvi ikiombwa haikatazwi. Ukimnyima mtu chumvi umemwambia siku ya msiba wake hutakwenda. Nami mtoto nimnyime mtu mzima? Nikashusha fuko, akachota, akanibariki. Kisha akaita kwa sauti ile yake, “Njooni, binti wa fulani ana chumvi!” Wakaja. Mmoja na kibuyu, mwingine na upindo wa nguo, kikongwe mmoja na kiganja tu, akalamba palepale. Kila penye nyumba nilisimama, nikaamkia, nikashusha. Fuko likazidi kuwa jepesi nami nikazidi kufurahi. Sijawahi kubarikiwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Mama alirudi jioni na kapu lake la udongo. Akaliona fuko, limebaki nusu. Akaingia ndani, nikausikia mkono wake unachakura chini ya uwele, unachakura, unachakura. Alipotoka hakunipiga. Aliketi chini. Mwaka ule wote sikuwahi kumwona ameketi, na hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Nikamweleza kila kitu. Akaniuliza mara mbili, “Wanakula?”

“Wanakula, mama. Tazama matundu.”

Akachukua punje moja, akaibana kwa kucha, kikatoka kidudu cheusi chenye pua ndefu. Akakiweka kwenye kiganja changu, kikatembea. “Huyu ndiye mlaji. Anaitwa fukusi. Wale uliowapeleka walikuwa baba yako.”

Hapo nikaelewa: nilikuwa nimeipeleka kodi yake. Akanishika kidevu. “Baba yako asijue. Siku ya kulipa bado haijafika.”

Kesho yake asubuhi tulikuwa mbele ya meza ya Bwana Idi.

“Mtoto alikuja kwa akili yake,” mama akasema.

“Alisema umemtuma.”

“Ana miaka mingapi huyu? Wewe una mingapi?”

Bwana Idi akakuna ndevu. “Mama, fuko ambalo halijatoka nalirudisha ghalani, chukua rupia yako moja. Lililotoka limetoka. Siwezi kumuuzia mtu chumvi iliyozunguka kaya nzima.”

Mama hakumlaumu. Njiani alikuwa anaongea peke yake. Kuuza nusu fuko iliyobaki, sawa, lakini auze wapi? Pale kwetu akitandika chumvi wote ni wifi na shemeji. Hawatanunua, wataomba, na hawezi kuwanyima. Kuna mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu wa kumwonea haya. Akageuza uso kuelekea machweo, kwenye kambi ya reli.

Tulikwenda siku nne mfululizo. Tulitandika mafungu juu ya ngozi yangu ya mbuzi, nami nikakaa nimejifunga kitambaa cha mama. Nyeupe upande huu, ya kwetu ya kijivu upande ule. Wanyamwezi na Wasukuma walinunua nyeupe mpaka ikaisha siku ya pili. Siku ya tatu Mnyamwezi mmoja mwenye kovu la bega akachota ya kijivu kwa kidole, akalamba, akafumba macho.

“Mama, hii inalainisha mlenda?”

“Inaulainisha mpaka unakimbia kijiko.”

“Nyumbani kwetu tunayo kama hii.” Akawaita wenzake kwa lugha yao. Mama, mbele ya macho yangu, akayapunguza mafungu yale kwa ncha ya kidole na bei akaiacha palepale. Nilimpenda sana saa ile.

Lakini mimi sikuweza kutulia. Nyuma yetu watu walikuwa wanapita wawili wawili, taruma begani, na kila mgongo niliuvalisha kifua cha baba. Nilikuwa nahesabu wanaokohoa. Kila kitu kilinuka lami na jasho. Mama akanikemea, “Kaa! Unawafukuza wateja.” Nikakaa, nikainuka. Siku ya nne, hela za shaba zilipotimia na ile rupia kuwa rupia tatu kamili, alizifunga kiunoni, nasi tukarudi karibu tunakimbia. Siku iliyotajwa na jumbe ilikuwa kesho kutwa.

Mama Ndahani alikuwa amesimama njiani. Hakupiga kelele. Ndipo nilipojua.

Jumbe alikuwa ametuma watu kabla ya siku yake. Baba hakuogopa. Aliwakaribisha, akawapa togwa. Aliwaambia, “Kodi yangu ipo, ngojeni mke wangu arudi.” Wakakataa kungoja. Basi baba yangu, mbele ya wanaume wale na majirani, akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa kwetu anayelifanya: aliingia ndani na kuingiza mkono kwenye kihenge cha mkewe. Kwanza mpaka kwenye kiwiko. Kisha mpaka begani. Kisha akaingia mzima mzima na kichwa, wakawa wanaona nyayo tu. Alitoka na unga wa fukusi kwenye nyusi na mikono mitupu.

“Alisema, ‘Zilikuwepo,’” Mama Ndahani akatuambia. “Neno hilo tu. Nao wakamchukua huku wanacheka.”

Mama hakuingia nyumbani. Tulikwenda kwa jumbe, akapokea ile rupia na hela za shaba, akazihesabu moja moja mezani. “Kodi yako nimeiona,” akasema. “Lakini mtu ameshaandikwa huko. Atarudi mvua zikianza.” Tukashika tena njia ileile tuliyotoka. Sijui miguu yangu ilikuwa ya nani.

Tulimkuta jioni, amekaa juu ya rundo la mataruma, bega limeshachubuka. Alipotuona hakuinuka. Alimtazama mama, mama tu.

“Zilikwenda wapi?”

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao. Nikafungua mdomo, mama akanikanyaga mguu, akanikanyaga kweli kweli.

“Nilizipeleka dukani mimi,” akasema.

“Wewe? Wewe uliyetulisha udongo?” Kikohozi kikamshika. “Ukanunua nini?”

“Chumvi.”

Baba alicheka. Si kicheko kile cha nyumbani. Alicheka, akatema mate, akageuza uso. Mama akamwekea mbele mlenda tuliokuja nao, akasimama mpaka alipoula.

Alirudi mvua zilipoanza, mzima, amekonda kama mwiko. Watu walisema ni muujiza. Labda. Mimi nilimwona mama akitembea kwenda kambini kila siku ya pili, miezi yote ile, na uji wa ufuta kichwani, bila kununua hata chembe ya kitu kwa Bwana Idi, naye akihonga mnyapara kwa chumvi ya kijivu ili baba apewe nyundo badala ya mataruma. Uiteni muujiza mkitaka. Ulikuwa unatembea kwa miguu.

Lakini baba hakusahau. Miaka yote, mboga ikimpendeza au isimpendeze, alikuwa anainua bakuli na kuuliza, “Hii ni ile chumvi ya rupia mbili?” Mbele ya wageni pia. Mbele ya wakwe. Mama alikuwa anamjibu, “Kula.” Nami nilikuwa nimeinamisha uso ndani ya bakuli langu.

Mara moja tu, nilipokuwa mwari, nilimwomba mama aniache niseme. Akanitazama kana kwamba nimekuwa mjinga upya. “Mimi nikiwa mjinga wa pesa, atanicheka. Wewe ukiwa umemtia baba yako kambini, atakutazama. Cheko nalimudu.”

Mama ndiye aliyetangulia kufa. Siku ya kumaliza matanga watu walimsifu, mmoja baada ya mwingine, nami nikakaa mbele nimevimba kwa majivuno, na bado navimba mpaka leo. Mwishoni baba akasimama kwa fimbo yake. Akasema alikuwa mke mwema, mchapakazi, hakuwahi kumlaza na njaa. Kisha akatingisha kichwa. “Ila pesa,” akasema, “pesa hakuijua.” Watu wakacheka kwa upole, kama mnavyocheka msibani.

Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wanne. Mama hakuwepo tena wa kunikanyaga mguu. Nikafungua mdomo, nikamwona baba alivyokuwa anafuta macho, nikaufunga. Naye amekufa hivyo hivyo, anaamini hivyo hivyo.

Mama aliijua pesa. Kuliko baba, kuliko Bwana Idi, kuliko jumbe. Aliyeipeleka dukani ni mimi.